Mayai Hupotea Kabla ya Kutagwa: Majibu kwa Wafugaji wa Sato na Kambare

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu kupata mayai ya samaki kwa ajili ya kuangua vifaranga. Tumezijibu pamoja kwa sababu tatizo linalojirudia ni moja: mfugaji anahangaikia mitungi ya kuangulia, ilhali mayai aliyapoteza barabarani au ndani ya neti, jike akiwa hata hajataga.

Nilinunua sato wazazi 40 jijini Mwanza, kila mmoja kama gramu 200, nikawaleta Muleba kwa gari ndani ya mifuko mitatu ya nailoni yenye oksijeni. Kila mfuko ulikuwa na lita 10 za maji. Tulitumia saa saba. Walifika wazima wote. Nikafungua mifuko, nikawawekea pampu ya hewa wapumzike kabla ya kuingia bwawani. Baada ya saa moja na nusu wakaanza kugeuka tumbo juu, na hadi jioni nilibaki na 23. Je, niliuziwa wagonjwa?
*Mfugaji, Muleba*

Maelezo yako hayaonyeshi ugonjwa, ndugu. Samaki wako waliuawa na taka zao wenyewe, na ile pampu ndiyo iliyoziamsha.

Samaki aliyefungwa mfukoni hutoa kaboni dioksaidi na amonia. Kaboni dioksaidi ikijikusanya, maji hupata tindikali na pH, yaani kipimo cha tindikali, hushuka hadi 6.5 au chini zaidi. Hali hiyo, ajabu yake, humlinda samaki, kwa sababu amonia karibu yote hubaki katika umbo lisilo na sumu kali. Ukifungua mfuko na kupuliza hewa, kaboni dioksaidi hutoroka upesi, pH hupanda, na amonia ileile hugeuka sumu ndani ya dakika chache. Maji yakiwa na joto la nyuzi 28, kwenye pH 6.5 sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8.5 inapita asilimia 15. Wewe ulifanya hivyo kwa huruma, na wengi hufanya hivyo hivyo.

Njia sahihi ni hii. Mfuko ukiwa bado umefungwa, uelee juu ya maji ya bwawa kivulini kwa dakika 20 hadi 30 ili joto lilingane. Tofauti isizidi nyuzi 3. Kisha fungua, mimina maji ya bwawa mfukoni kidogo kidogo mara nne au tano ndani ya dakika kumi, uwachote samaki kwa wavu na kuwaachia. Maji ya safari yamwage nje, yasiingie bwawani. Usikawie kati ya kufungua na kuachia.

Jambo la pili ni hesabu. Samaki 40 wa gramu 200 ni kilo 8, nawe ulikuwa na lita 30. Kwa safari ya saa saba tunashauri lita 10 kwa kila kilo moja ya wazazi, tena oksijeni ikiwepo. Ulihitaji lita 80. Mifuko nayo haiwafai sato wakubwa, kwani miba ya mgongoni hutoboa nailoni na oksijeni huvuja taratibu bila mtu kuona. Tumia pipa au tangi lenye mfuniko, lijazwe karibu na ukingo ili maji yasigonge huku na huku kwenye kona, na oksijeni ipite kwenye jiwe la hewa, lile linaloitawanya kuwa mapovu madogo, kutoka mtungi wenye kidhibiti. Ukilazimika kutumia mifuko, iwe miwili miwili, mmoja ndani ya mwingine, maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, ndani ya ndoo au boksi.

Kabla ya safari, wazazi wakae saa 24 hadi 48 bila chakula, ndani ya neti iliyotundikwa kwenye maji safi. Wanatoa kinyesi chote huko, na pia wanazoea kubanana. Weka chumvi ya kawaida gramu 5 kwa kila lita ya maji ya safari, yaani gramu 400 kwa lita 80. Samaki aliyeshtuka hupoteza chumvi za mwilini kupitia matamvua, na chumvi ya majini hupunguza hasara hiyo. Maji ya bomba yenye klorini usiyaguse. Safiri usiku au alfajiri.

Hao 23 waliobaki usiwahesabie mayai sasa. Jike aliyepata mshtuko mkubwa hufyonza tena mayai aliyokuwa akiyakuza tumboni. Watenge madume na majike, usiwape chakula siku ya kwanza, kisha uwalishe vizuri kwa wiki mbili ndipo uwaunganishe. Na siku nyingine usisafirishe jike mwenye mayai mdomoni. Atayatema au atayameza kabla hamjatoka mjini.

Hamjambo wahariri. Niko na vizimba vinne ziwani, upande wa Usenge, neti ya inchi moja. Nikipasua sato wangu wa kike wamejaa mayai, lakini sijawahi kuona kifaranga hata mmoja. Naweza kuvuna mayai kwenye vizimba hivyo hivyo?
*Mfugaji, Siaya*

Hatujambo. La, kwa neti hiyo haiwezekani, na hiyo ndiyo sababu sato wa vizimbani hawazaliani ovyo kama wale wa bwawani. Sato dume huchimba kiota chini, jike hutaga humo, dume hurutubisha, kisha jike huyaokota mayai kwa mdomo. Kizimbani hakuna sakafu. Yai likitoka, linapita kwenye tundu la inchi moja na kuzama kabla jike hajageuka.

Mayai unayoyaona ukipasua hayafai kuangua, maana hayajakomaa wala kurutubishwa. Yakaange, ni kitoweo kizuri.

Unachohitaji ni neti ya kuzalishia, yaani sanduku la neti laini yenye matundu ya milimita 1 hadi 2 na sakafu ya neti hiyohiyo. Mayai yakianguka hubaki juu ya sakafu na jike huyaokota. Mahali pake pazuri ni bwawani nchi kavu. Ziwani wazi, neti laini huota ukungu wa mwani ndani ya wiki moja au mbili, maji hayapiti, na usiku oksijeni ya ndani huisha. Mawimbi nayo huinua sakafu na kuwatikisa majike mpaka watupe mayai. Ukikosa bwawa, tafuta ghuba iliyotulia, utundike neti laini ndani ya kizimba chenye neti ngumu ya nje, maana kenge na fisi maji hupasua neti laini kama karatasi. Pembe za chini zishushwe kwa chupa zilizojaa mchanga. Uwe na neti mbili kwa kila kizimba: moja ikitumika, nyingine ikianikwa juani na kupigwa brashi.

Upepo mkali ukikoroga ziwa, maji ya chini yasiyo na oksijeni hupanda juu. Ukiona samaki wote wanapumulia juu asubuhi, usivune siku hiyo. Kuhusu vibali, anzia ofisi ya uvuvi ya kaunti. Watakueleza pia yanayohitajika na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.

Neti laini ya kununua ni ghali. Nilishona ya kwangu kwa vyandarua vipya vya mbu, nikaweka sato 20. Usiku ule ule walikufa 14. Nilivifua mara mbili kwanza. Tatizo ni nini?
*Mama mfugaji, Ukerewe*

Pole sana, mama. Tatizo ni dawa iliyomo kwenye vyandarua. Vyandarua vinavyogawiwa kuzuia malaria vimewekwa viuatilifu vya jamii ya pairethroidi, ambavyo mtu havimdhuru kwa kiasi hicho, lakini kwa samaki ni sumu kali hata vikiwa kidogo sana majini. Na vimetengenezwa makusudi vistahimili kufuliwa mara 20 hivi vikiwa bado na nguvu. Kuvifua mara mbili au tano hakusaidii, na maji ya kufulia yakitiririka bwawani au ziwani ni hasara nyingine.

Viondoe kabisa, vikauke, virudi kitandani kwa kazi yake. Badilisha nusu ya maji ya bwawa. Nunua neti ya nailoni au polyethilini isiyo na dawa kwa wauza zana za uvuvi, na uwaambie wazi kuwa ni ya kufugia vifaranga. Neti ya dagaa haitakufaa, matundu yake ya milimita 8 yanapitisha mayai. Ukishona, mshono wote uwe nje: ndani ya mshono ndimo mayai hukwama na kuoza.

Naomba hatua kamili za kuvuna mayai mdomoni mwa sato. Nina neti moja ya mita 3 kwa 2, kina mita 1. Niweke samaki wangapi, na nitarajie mayai mangapi?
*Kijana anayeanza, Kisarawe*

Neti yako ina eneo la mita 6 za mraba. Weka samaki wanne kwa kila mita, yaani 24: madume 6, majike 18. Neti izame sentimita 70 hadi 80, ibaki juu sentimita 20 au zaidi kwa sababu sato huruka, na sakafu isiguse tope. Ikigusa, dume atachimba tope kupitia neti na utapata uji mweusi badala ya mayai. Majike wa gramu 150 hadi 250 ndio bora. Jike mkubwa hutaga mayai mengi kwa mara moja lakini huchukua muda mrefu kurudia, tena ni shida kumshika.

Kuwajua madume na majike: mgeuze samaki, tazama nyuma ya tundu la haja kubwa. Dume ana kijinundu chenye ncha na tundu moja. Jike ana kijinundu cha mviringo chenye mpasuko wa kulala katikati, ndimo mayai hutokea, na tundu dogo la mkojo nchani. Usipoona vizuri, paka tone la dawa ya zambarau ya vidonda na mpasuko utajitokeza. Samaki mwenye shaka usimweke.

Vuna kila baada ya siku 7. Maji yakiwa nyuzi 28, mayai huanguliwa mdomoni siku ya nne hivi, na vifaranga huanza kutoka kuogelea baada ya siku nane hadi kumi. Ukivuna kila wiki utawakuta wote bado mdomoni. Wapo wanaovuna kila siku 5 ili wapate mayai machanga zaidi. Maji ya Pwani yakiwa nyuzi 30 inafaa, lakini kila uvunaji unawasumbua samaki, hivyo kama huna sababu, wiki inatosha. Kuchungulia midomo kila siku ni kujiharibia kazi.

Saa nzuri ni saa 2 hadi saa 4 asubuhi. Alfajiri bwawa la kijani huwa limemaliza oksijeni usiku kucha, na ukiwabana samaki wakati huo utawaua. Mchana jua linaunguza mayai kwenye beseni.

Andaa bomba la plastiki la inchi 3 lililozibwa pande zote, refu kuliko upana wa neti, nyavu mbili za kuchotea, na mabeseni manne yenye maji ya bwawa lile lile yaliyochujwa. Wavu wa kwanza uwe na matundu makubwa, wa pili laini, na wa kwanza ukae ndani ya wa pili. Watu wawili waingie majini, wapitishe bomba chini ya neti kutoka upande mmoja, walisogeze polepole huku likiinua sakafu, mpaka samaki wote wabaki kwenye theluthi ya mwisho. Hapo wengine wataanza kutema mayai kwa hofu, ndiyo maana nyavu zinakuwa mbili: samaki anabaki kwenye wa ndani, mayai aliyotema yananaswa na wa nje.

Lowesha mikono. Mchukue jike mmoja mmoja, mshike kichwa, taya la chini ulishushe kwa kidole gumba, mwinamishe kichwa chini juu ya beseni na umtikise taratibu ndani ya maji. Mayai hutoka yote kwa mara mbili au tatu. Usiingize kitu chenye ncha. Jike uliyemvua mayai asirudi kwa madume siku hiyo. Awekwe kwenye neti ya mapumziko kwa siku 10 hadi 14, ale chakula chenye protini asilimia 30 hadi 35, kwa sababu alipobeba mayai hakula kitu. Nafasi yake ichukuliwe na jike aliyekwisha kupumzika. Samaki wakiisha, inua sakafu ya neti kuelekea pembe moja uzoe mayai yaliyobaki.

Sasa yapange kwa umri, usichanganye. Beseni la kwanza ni la mayai ya manjano yasiyo na macho. La pili ni yale yenye madoa mawili meusi, hayo ni macho. La tatu ni waliokwisha kuanguliwa, wanatikisa mkia na bado wana kifuko cha kiini. La nne ni walio karibu kuogelea. Meupe kama chaki yamekufa, yatupe. Ukichanganya umri, maganda ya walioanguliwa huziba chujio na mayai machanga hukosa maji.

Mtungi wa kuanzia unaweza kuutengeneza kwa chupa ya soda ya lita 2. Kata kitako, igeuze mdomo chini ukiwa umefungwa kizibo, ingiza mrija kutoka juu hadi karibu na kizibo, na maji yatakayofurika juu yapite kwenye neti laini. Maji yatoke kwenye tangi lililoinuliwa, yakiwa yamechujwa. Fungua mpaka mayai yawe yanajiviringisha taratibu bila kutulia. Yakiruka juu, punguza, maana maganda yatapasuka. Yakilala chini, ongeza, la sivyo yatashikana na kuota kuvu, na kuvu ikianza kwenye yai moja lililokufa itakula mtungi mzima. Wakianguliwa, wahamishie kwenye trei pana yenye maji yanayopita kidogo.

Kuhusu idadi, usitarajie majike wote 18 wawe na mayai. Robo hadi theluthi kwa wiki ni matokeo mazuri, yaani majike watano au sita. Kila mmoja wa ukubwa huo hutoa kwa kawaida mayai 300 hadi 600. Chini ya majike watatu wiki mbili mfululizo, pima joto kabla ya kulaumu samaki.

Madume wangu wanawaua majike. Nimekuta wawili wamechunwa magamba, mmoja jicho limetoka. Nimepunguza samaki ili wapate nafasi lakini imezidi kuwa mbaya.
*Mfugaji, Kibaha*

Kuwapunguza ndiko kulikozidisha. Wakiwa wachache, kila dume hupata eneo la kulinda na muda wa kumfukuza jike mmoja siku nzima. Rudi kwenye samaki wanne au watano kwa mita ya mraba.

Kisha tazama ukubwa: dume wa gramu 400 na jike wa 150 hawakai pamoja. Walingane, au dume amzidi jike kidogo tu. Vituo vingi vya kutotolesha hukata kipande cha mdomo wa juu wa dume kwa mkasi mkali ulio safi. Anaendelea kula na kuzalisha, ila hawezi kung'ata. Inaonekana ukatili, lakini ukilinganisha na jike aliyetoka jicho tunaona ni nafuu. Na usimuunganishe jike asiye tayari. Huyo ndiye anayepigwa, kwa sababu hataki kutaga na hana pa kukimbilia.

Je, kambare anaweza kukaa kwenye neti mpaka atage kama sato?
*Msomaji, Kilosa*

Kukaa anakaa, kutaga hatataga. Kambare porini hungoja mafuriko ya masika aingie kwenye nyasi zilizozamishwa, na neti haimpi ishara hiyo. Inabidi achomwe homoni, kisha mayai yakamuliwe kwa mkono.

Jike wa kilo moja hivi, mwenye tumbo laini linaloachia mayai machache ukilibonyeza kidogo, atengwe peke yake ndani ya tangi lenye mfuniko. Kambare huruka, na wawili wakifungiwa pamoja wanararuana. Asile kwa saa 24. Wakati wa kumsafirisha usijaze chombo hadi juu, maana kambare hupanda kuvuta hewa, na akikosa nafasi ya hewa anaweza kufa hata maji yakiwa na oksijeni. Tumbo lake lisibanwe na wenzake.

Homoni ya kiwandani aina ya Ovaprim huchomwa mililita 0.5 kwa kilo, kwenye nyama ya mgongo. Kisha ni joto linaloamua saa: nyuzi 25 ngoja saa 11 hivi, nyuzi 28 saa 8. Ukikamua mapema mayai hayatoki, ukichelewa yanaharibika tumboni. Mkaushe jike kwa kitambaa, kamua kuelekea mkia kwenye bakuli kavu kabisa. Gramu moja ya mayai ni kama mayai 600. Dume huwa anachinjwa kwa sababu mbegu zake hazikamuliki. Korodani hukatwa na kukamuliwa juu ya mayai, unachanganya kwa unyoya, ndipo unaongeza maji. Mbegu zikigusa maji huishi kama dakika moja tu, hivyo maji yakiingia mapema kazi imekwisha. Mayai ya kambare yananata, yatandaze tabaka moja juu ya neti laini ndani ya maji yanayopita. Huanguliwa ndani ya saa 24 hadi 36.

Niko Vancouver. Huku wenyeji wanafungia samaki kwenye neti baharini pamoja na mwani, kisha wanauza mwani uliojaa mayai. Je, hilo haliwezekani kwetu?
*Msomaji, Kanada*

Hao ni heringi wa Pasifiki. Kila mwanzo wa masika ya huko hukaribia pwani ya British Columbia na Alaska kutaga, na mayai yao hunata kwenye chochote. Mataifa ya wenyeji kama Heiltsuk wamevuna mayai hayo kwa vizazi vingi, na mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi ya Gladstone, ilitambua haki ya Heiltsuk kuyauza. Soko kubwa ni Japani.

Katika njia ya kufungia, kundi huzungushiwa wavu, kisha ukingo wa wavu huo huunganishwa na neti nyingine inayovutwa majini na kuzamishwa, samaki wapite wenyewe wakiogelea. Hawainuliwi nje ya maji hata mara moja, kwa sababu magamba ya heringi hutoka kwa kuguswa tu, na aliyepoteza magamba hufa baada ya siku chache. Neti huvutwa polepole kuliko mtu anayetembea. Ikienda kasi, inajikunja na samaki wanasagwa kwenye ukuta wa nyuma. Kwenye neti kubwa ya kutagia hutundikwa majani marefu ya mwani wa kelpu kwenye kamba. Wakishataga, mwani huvunwa na samaki huachiliwa. Heringi hutaga miaka kadhaa, kwa hiyo kuwaachia wazima kuna maana, ila waliobanwa sana huugua: ugonjwa wa virusi wa kutoka damu, VHS, umewahi kuonekana ukilipuka ndani ya neti hizo.

Kwetu heringi huyo hayupo, na mayai ya sato hayanati. Linalofaa kuchukuliwa ni namna yao ya kuhamisha samaki kutoka neti moja hadi nyingine kwa kuzamisha ukingo. Jaribuni hivyo kwenye vizimba vya ziwani badala ya kuwachota wazazi kwa ndoo.

Hapa Njombe sato wangu hawatagi tangu Mei.
*Mfugaji, Njombe*

Hawatataga mpaka joto lirudi. Chini ya nyuzi 22 sato huacha kutaga, na kazi nzuri hufanyika kati ya 26 na 30. Unaweza kufunika matangi madogo kwa nailoni ya banda kitalu, lakini kwa mfugaji wa mabwawa mawili tunaona ni nafuu kununua vifaranga mabondeni msimu ukifika.

Niko Utete. Nataka kuanzisha sato wa Mwanza huku. Nilete wazazi au mayai?
*Msomaji, Rufiji*

Kabla ya hilo, fahamu kuwa Rufiji ina perege wake wa asili, *Oreochromis urolepis*, na sato wa Ziwa Viktoria huchanganyika naye kwa urahisi. Bwawa la bondeni likifurika, mchanganyiko huo hauondoki tena mtoni. Muone ofisa uvuvi wa wilaya kuhusu kibali. Kama eneo lako hufikiwa na mafuriko, fuga huyo wa kwenu.

Ukiruhusiwa, na bwawa likiwa mahali pa juu, leta mayai. Mayai elfu kadhaa ni mzigo wa mtu mmoja kwenye basi, wakati wazazi wa kuyatoa wangehitaji gari. Chagua yenye macho meusi, kwani ya siku ya kwanza hufa kwa mtikisiko. Yasafishe, ondoa meupe, weka tabaka lisilozidi sentimita moja kwenye mfuko, maji robo, oksijeni robo tatu, mfuko ulale ubavu ndani ya boksi la barafu lisilo na barafu. Joto libaki nyuzi 24 hadi 26. Mtungi wa kuangulia uwe umeshaanza kuzunguka maji siku moja kabla basi halijafika.